Uzee Hauna Dawa, Maumivu Yana Dawa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika darsa yetu ya baada ya Isha alisimama ndugu mmoja, mtu mzima mwenye haya, akatuuliza suala ambalo tulilijibu usiku ule kwa haraka, na tangu hapo hatukupata raha. Alisema: "Baba yangu ana saratani iliyokwisha kuingia mifupani. Usiku halali, na sisi nyumbani hatulali. Hospitali wamempa dawa ya maji, wakaniambia ni mofini. Jamaa wamekuja juu; wasema hiyo ni afyuni, na afyuni ni haramu. Tena wasema maumivu yamfutia madhambi, nisimnyime thawabu zake. Chupa nimeifungia kabatini. Je, nifanye nini?"

Sisi tulimwambia asubiri, na amhimize mzee wake asubiri, kisha tukamwombea dua. Akaitikia amini, akaenda zake.

Siku ya tatu wawili katika sisi walikwenda kumzuru yule mzee. Walimkuta amelala ubavu mmoja, magoti ameyakunja hata kifuani, na ncha ya shuka ameiuma kwa meno ili wajukuu walioko chumba cha pili wasisikie sauti yake. Mzee huyu twamjua sote. Miaka mingi alikuwa mtu wa safu ya mbele, na alipoacha kuonekana msikitini wako waliosema kuwa amelegea. Walipomsalimu aliitoa ile shuka kinywani, akasema, "Alhamdulillahi," kisha akairudisha.

Makala haya ni jibu letu la pili. Lile la kwanza twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe.

Ndugu zetu Waislamu, hakuna katika sisi asiyeijua ile aya ya 23 ya Sura ya Israa, ambamo Mola wetu ameunganisha kumwabudu Yeye peke yake na kuwatendea wema wazazi wawili, akataja khasa hali yao wanapofikia uzee wakiwa mikononi mwetu, akatukataza hata kuwaambia "uff". Wanavyuoni wamesema kwamba neno hili ni dogo kabisa katika maneno ya kuonyesha kuchoka, na likikatazwa dogo, kubwa limekatazwa zaidi. Twalisoma hili kila mwaka, twalihubiri, na watoto wetu wa chuoni wanalihifadhi. Lakini sisi tumeifanya aya hii kuwa ni ya ulimi tu. Mtu atajizuia asimwambie mama yake "uff", na huku mama huyo ana jino linalomuuma mwezi wa tatu na hakuna aliyempeleka kwa tabibu, kwa kuwa "ni mtu mzima, meno yote yatatoka." Jee, uzito wa "uff" na uzito wa usiku tisini wa maumivu ni sawa?

Na hapa ndipo lilipo neno ambalo twataka kuliondoa katika ndimi za watu wetu. Mzee akilalamika goti, huambiwa: uzee huo. Akilalamika mgongo: uzee huo. Hapati usingizi: uzee huo, na uzee hauna dawa. Wengine huitilia nguvu kauli hii kwa hadithi. Ni kweli iko hadithi aliyoipokea Usama bin Sharik, na imo katika Abu Daud na Tirmidhi, ya kuwa mabedui walimwuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, akawaamrisha wajitibu, akawapa khabari kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja tu, nao ni uzee. Wenzetu wameshika mwisho wa hadithi wakaiacha amri iliyo mwanzo wake. Kilichovuliwa hapo ni uzee wenyewe: kwamba hapana dawa ya kumrudisha mtu wa miaka themanini akawa na thalathini. Goti kuvimba si uzee. Saratani si uzee, jino bovu si uzee, na kidonda cha mgongoni kilichotokana na kulala upande mmoja kutwa kucha ni upungufu wa wauguzi, si uzee. Haya yote yamo katika ule upande wa hadithi ulioamrishwa dawa.

Ama ile hoja ya thawabu, ni kweli kwamba Muislamu hapatwi na taabu, hata mwiba ukimchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwa sababu yake baadhi ya makosa yake. Hadithi hii ni sahihi na twaiamini. Walakini hatujamwona hata mtu mmoja katika mji huu aliyekanyaga mwiba akauacha mguuni kwa kutafuta thawabu zaidi. Kila mtu hukaa chini akautoa, na aliyewekewa thawabu yake ameipata kwa ule mchomo. Basi mbona mwiba ulio katika mguu wetu twautoa, na ulio katika mgongo wa baba yetu twauhesabia thawabu?

Subira ni sifa tukufu, lakini ni ya yule anayeumwa. Mtu mzima wa mwili hawezi kumsubiria mwenziwe. Wahubiri wetu hupenda kusimulia khabari za Urwa bin Zubeir, aliyekatwa mguu akakataa kunywa kitu cha kumwondolea akili. Ni khabari kubwa. Lakini tazameni: kile kinywaji alipewa, akakataa mwenyewe. Na yule mwanamke aliyekuwa akiangushwa na kifafa, aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumtaka amwombee, khabari yake imo katika Bukhari na Muslim: alihiyarishwa kati ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, naye akachagua kusubiri. Alihiyarishwa! Mtume wa Mwenyezi Mungu hakumchagulia mwanamke yule subira, na sisi tunawachagulia wazee wetu bila hata kuwauliza.

Wala kulalamika si kukosa subira. Nabii Ayyub alimlilia Mola wake kuwa amepatwa na madhara, na Mola wake huyo huyo akamsifu katika Sura ya Saad kuwa ni mwenye kusubiri. Na Mtume wetu (s.a.w.) alipoumwa na kichwa alikitaja kichwa chake mbele ya Bibi Aisha, na katika homa alimwambia Ibn Masud kuwa homa yake ni ya watu wawili. Mzee anayesema "naumwa" ana kiongozi mwema.

Lakini wazee wetu hawasemi. Hili ni jambo la watu wa pwani, na ni katika adabu zetu njema, nasi hatulilaumu. Ukimwuliza mzee "hujambo?" atajibu "Alhamdulillahi" hata akiwa juu ya makaa. Ile ni shukrani anayompa Mola wake. Si jibu la tabibu. Anayetaka kujua hali ya mzee na aulize maswali mengine: Umelala saa ngapi, na nini kilichokuamsha? Waweza kuinuka kwenda chooni peke yako? Pale panapouma panachoma, panapwita, au panabana? Yazidi ukikaa au ukitembea? Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyataja katika kitabu chake cha Qanuni maumivu ya namna 15, na kila namna akaipa jina lake. Huyu ni tabibu Muislamu, karibu miaka elfu iliyopita, na sisi leo tuna suali moja tu, nalo pia twaliuliza tukiwa tumesimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

Na yuko mzee aliyepoteza kumbukumbu, au aliyepigwa na kiharusi ulimi ukafunga. Huyu hana hata hiyo "Alhamdulillahi". Maumivu yake husomwa usoni: akikunja kipaji unapomgeuza, akiguna, akihema kwa nguvu, akishika mahali pamoja, akikataa chakula alichokuwa akikipenda, au akimpiga mkono anayemwosha. Watu wengi wakiona hivyo husema mzee amekuwa mkorofi, au amepagawa, akaitwa mganga. Kabla ya mganga mtazameni kinywani, mtazameni mgongoni na visiginoni, na mwulizeni anayemwosha kama amepata choo na amepata haja ndogo.

Sasa tuijie dawa yenyewe. Mofini hutokana na mmea ule ule utoao afyuni. Hili jamaa zake yule ndugu hawakukosea. Na hofu yao twajua ilikotoka: ni nyumba ngapi katika miji yetu zilizoliwa na unga? Mwenye mtoto aliyeangamia kwa unga hawezi kuisikia mofini ikitajwa ila atatetemeka, na ana udhuru. Lakini hukumu ya sharia hailetwi na hofu. Imamu Nawawi, ambaye Minhaji yake ndiyo inayosomeshwa katika misikiti yetu ya Kishafii, amelizungumza suala la mtu mwenye kiungo kilichooza akahitaji kukatwa, kama ajuzu kupewa kitu cha kuondoa akili kisicho ulevi wa kunywa, na kauli iliyo sahihi kwake ni kuwa yajuzu. Ikiwa kuiondoa akili yote kumejuzu kwa haja hiyo, basi dawa inayopimwa na tabibu ili maumivu yapungue na akili ibaki ni karibu zaidi na ruhusa. Na haramu ya afyuni kwa anayetafuta ulevi imebaki pale pale.

Shirika la Afya Duniani limeiweka mofini katika orodha yake ya dawa za lazima, na mwongozo wake wa mwaka 1986 juu ya maumivu ya saratani ulisema mambo matatu: dawa inywewe kwa mdomo, itolewe kwa saa, na ipandishwe kwa ngazi. Hilo la saa ndilo wengi wanalolikosea. Watu hungoja mpaka mzee alie ndipo wampe. Kisha dawa inachelewa kufanya kazi, naye anazidi kulia, wakasema haisaidii. Maumivu ya kudumu hutanguliwa, hayafuatwi. Kama sala ilivyo na wakati wake hata kama moyo haujaikumbuka, ndivyo na kipimo hiki kilivyo na wakati wake hata kama mzee ametulia. Ametulia kwa sababu yake.

Hatari zake zipo, nasi hatuzifichi. Mzee huanzishwa kipimo kidogo kuliko kijana, kikapandishwa polepole, khasa akiwa na udhaifu wa figo. Siku za mwanzo huweza kusinzia au kutapika, na akiinuka huweza kuyumba, basi ashikwe. Akisinzia kupita kiasi au pumzi ikawa nzito, tabibu apewe khabari upesi. Mwili huizoea, kwa hivyo haikatwi ghafla. Lakini kuizoea huko si ile kiu ya mtumwa wa unga anayeuza vyombo vya mama yake. Na hufunga choo, karibu kwa kila anayeitumia, na hili lisipotazamwa huwa maumivu juu ya maumivu. Matabibu humpa mgonjwa pamoja nayo dawa ya kulainisha tumbo, na mojawapo inayotumika sana ni sanamaki, majani yale yale ambayo bibi zetu waliyaweka nyumbani, na ambayo Mtume (s.a.w.) ameyasifu katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi. Basi ule unaoitwa utabibu wa kizungu umekuja nyumbani kwetu na sanamaki mkononi.

Majirani zetu wa Uganda walitutangulia katika jambo hili. Tangu mwaka 1993, Daktari Anne Merriman alipoanzisha huko nyumba ya kuwauguza walio mahututi, mofini imekuwa ikichanganywa na maji kutoka katika unga wake, kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa khasa kuiandika. Kenya nayo ilipata nyumba kama hiyo Nairobi mwaka 1990, na hapa Mombasa iko Coast Hospice. Si lazima mzee ahamie huko. Kazi yao kubwa ni kumfunza mtu wa nyumbani.

Wengi wa wazee wetu hawahitaji mofini. Taabu yao ni magoti, nyonga na mgongo. Kwa hawa dawa ya kwanza ni ya bei nyepesi, nayo ni parasetamoli: vidonge vya miligramu 500, visizidi 8 kwa mchana na usiku mzima, na mzee aliyekonda au mwenye ini bovu apungukiwe kwa kauli ya tabibu. Lakini watu wameidharau, wakakimbilia diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa dukani kama peremende. Dawa hizo kwa mzee huweza kutoboa tumbo likavuja damu, zikachosha figo, zikapandisha presha na kumchokoza mwenye moyo dhaifu. Asizimeze siku nyingi pasi na kuangaliwa. Na zile dawa za unga zisizo na jina, zinazosifiwa kuwa mzee aliyetambaa jana leo atembea, zimekutwa katika nchi nyingi zikiwa zimechanganywa kwa siri dawa kali za hospitali, ambazo hutia nafuu kwa wiki mbili kisha zikala mifupa na kuamsha sukari. Aliye nazo azitupe.

Goti halipumzishwi moja kwa moja. Mzee akae kitini anyooshe mguu na kuukunja mara chache asubuhi na jioni, atembee hata kama ni kutoka ukumbini hadi barazani. Mkongojo hushikwa kwa mkono wa upande wa goti zima, si wa lile bovu. Tazameni wazee njiani mtaona wangapi wameukosea. Kukanda kwa maji ya moto ni kwema, na kusinga kwa mafuta ya nazi ni kwema, na mkono wa mtoto juu ya mgongo wa mama yake una baraka ambayo haiuzwi dukani. Ila mwenye ugonjwa wa sukari nyayo zake huweza kufa ganzi. Huyu asikandwe miguu ila maji yamepimwa kwanza na mkono wa mtu mzima wa afya. Wako waliokatwa mguu kwa beseni ya maji ya moto iliyoletwa kwa mapenzi.

Na asiyeweza kugeuka kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana.

Dini yenyewe imemtangulia mzee kwa raha, lakini sisi tumeifanya nzito. Imran bin Huswein alipokuwa mgonjwa, Mtume (s.a.w.) alimwamrisha asali kwa kusimama, na asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu, imo katika Bukhari. Basi ni nani aliyempa imamu yeyote haki ya kumkunjia uso mzee aliyeomba kiti? Maji ya udhu ya alfajiri yapashwe moto. Asiyeweza maji ana tayammamu. Asiyeweza kufunga kwa uzee ana fidya, na fidya hiyo ni hukumu ya sharia aitoe kwa moyo mkunjufu, wala watoto wasimwonee haya kana kwamba amevunja heshima ya nyumba.

Yako mawili ambayo hatupendi kuyasema, na tutayasema. La kwanza: katika karibu kila nyumba tuliyoingia, anayegeuza, anayeosha na anayekesha ni mwanamke mmoja, ama binti aliyerudi kwao, ama mke wa mtoto wa kiume. Watoto wa kiume hutuma pesa, huja Ijumaa, huketi robo saa, hutoa amri. Aya ya Israa haikushuka kwa mabinti peke yao, wala mke hakuumbiwa kulipa deni la birri la mumewe. Mwanamume achukue usiku wake kwa zamu, ajue harufu ya chumba kile.

La pili: mzee akifa, huchinjwa ng'ombe, hupikwa pilau siku tatu, hukodiwa mahema na viti, na kwenye arubaini huanza upya. Tumekwisha kuandika mara nyingi juu ya mambo haya na hukumu zake, hatutarudia. Twauliza hesabu tu. Mtu aliyelala miezi minane juu ya godoro lililodidimia kati hata limekuwa kama dau, kwa sababu "pesa hazipo", hizo pesa za ng'ombe zilitoka wapi siku ya tisa?

Tulirudi kwa yule ndugu yetu tukamwambia tulikosea. Akafungua kabati. Muuguzi alikuja akamwonyesha kipimo na saa zake, na chupa ikarudi kabatini, ndiko mahali pake kwa sababu ya watoto, ila funguo sasa iko shingoni mwa mwenye zamu. Usiku wa pili mzee alilala. Hakupona, wala hakuna aliyemwahidi kupona. Baada ya siku chache aliomba aketishwe, akatia udhu kwa mkono wake, akasali Isha kwa kukaa, baada ya wiki nyingi za kusali kwa macho. Kisha akawaita watoto wake, akawatajia madeni yake mawili na jina la mtu aliyemwekea amana, jambo ambalo maumivu yalikuwa yamemnyima nafasi ya kulisema. Tulipomwuliza hali yake alisema, "Alhamdulillahi." Tukamwuliza tena, kama tulivyojifunza. Akacheka kidogo, akasema bega la kushoto bado, na kwamba mto ni mgumu.

Mto tuliubadilisha jioni ile ile. Darsa yetu ni baada ya Isha kama kawaida, na atakayekuja na suali la mzee wake hatutamjibu mpaka kwanza tumekwenda naye nyumbani tukamwona.